Wavu wa Griffins na Kisu cha Kukunja

Kitendawili. Nina mzee wangu analala mfukoni amejikunja. Jino lake ni moja tu, na hakuna kinachomshinda kutafuna.

Mkishindwa nipeni mji. Nipeni Kisumu nzima, nikae pale juu penye upepo niwaangalie mkihangaika na jua.

Haya, narudisha mji wenu. Ni kisu cha kukunja.

Changu nilikipata kwenye soko la Kibuye, Jumapili moja baada ya kanisa, kwa Idd, yule anayetandaza vyuma vikuukuu juu ya turubai: koleo, vitasa, mizani isiyo na sahani. Mimi nilikuwa nimeenda kutafuta sweta. Nikakiona kimelala katikati ya misumari, mpini wake wa mti mweusi, urefu wake hata kiganja hakijai. Nikaingiza ukucha kwenye ule mfuo, nikavuta, likatoka bapa likasema tak!

"Hicho si cha akina mama," Idd akaniambia akicheka. "Hicho ni cha vijana wanaopanda milima."

"Na wewe umejuaje mimi nimepanda mingapi?"

Akakifunga kwenye kipande cha gazeti. Sweta nikasahau.

Tangu siku hiyo tumefanya kazi pamoja. Natumbua nacho samaki wa ngege, nakata kamba za magunia ya dagaa wa omena, nachonga vijiti vya kubanikia samaki, namenya chungwa ganda likatoka moja refu kama mkia wa ndama. Jioni nakiosha, nakikausha, nakinoa kwenye jiwe laini la ziwani, naweka tone la mafuta ya kupikia pale kiungoni. Kukikunja natumia kiganja, vidole navipeleka mbali.

Lakini kina tabia. Springi yake imechoka. Kidole gumba lazima kikae ubavuni, karibu na kiungo, na kisitoke pale. Kikitoka, kisu kinajikunja chenyewe juu ya vidole vyako. Maryanne, ambaye tunakaa naye banda moja la kukaangia samaki, alikiazima siku moja afungue gunia la chumvi. Alikirudisha kidole chake kimefungwa kitambaa.

"Hiki kisu ni kama marehemu mzee wako," akaniambia. "Kinamsikia mtu mmoja tu."

Tulicheka mpaka samaki wakaungua upande mmoja.

Sasa nije kwa Griffins. Griffins ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa kwanza, mwanaume wa miaka ishirini na saba, ana mke, ana mtumbwi mdogo wa kasia. Tunakaa hapa Asembo Bay, kando ya ziwa. Alibeba mawe ya watu misimu miwili ili apate wavu wake mwenyewe, wa kuachwa majini usiku na kutolewa asubuhi. Maboya yake tulitengeneza sisi wawili mlangoni kwangu. Yeye aliokota patipati zilizokatika, zile ndara za mpira ziwa linazitupa ufuoni, na mimi nikazikata mviringo mviringo kwa kisu changu na kuzitoboa katikati. Za bluu, za pinki, na moja ya kijani iliyobaki na alama ya kisigino cha mtu. Tulikaa siku tatu. Akazifunga kwenye kamba ya juu ya wavu, akaushika kama mtu aliyeshika mtoto mchanga.

Haukumaliza hata mwezi. Magugu ya maji yalikuja usiku, yakapita, yakaenda nao. Asubuhi alipopiga kasia kwenda kuutoa, alikuta maji matupu. Kwetu mtu akipoteza wavu hivyo watu wanaenda kumpa pole kwake, wanakaa, wanakunywa chai, hakuna anayesema mengi. Mimi pia nilienda. Alikuwa ameketi akitazama miguu yake.

Wiki tatu zikapita. Alhamisi moja, saa tatu za asubuhi, upepo ukageuka.

Kitendawili kingine, na hiki sitawasumbua: shamba langu jana lilikuwa kwa jirani, leo liko kwangu, na hakuna aliyelima. Ni hayo magugu. Nimeyaona mara nyingi maishani mwangu, lakini yale ya Alhamisi hiyo yalinifanya nisimame na samaki mkononi. Yalikuja yakitembea. Kulia sikuona mwisho wake, kushoto sikuona mwisho wake. Maua ya zambarau yalikuwa yamesimama juu yake kama watu wanaoenda harambee. Katikati palikuwa na kichaka kizima cha mafunjo, kirefu kunipita, kikija nacho wima, hakiinami. Na sauti, jamani. Ilikuwa kama ng'ombe mia wanaotafuna taratibu. Ziwa lililokuwa mbele yetu tangu tuzaliwe halikuwepo tena. Palikuwa na uwanja.

"Nyasaye," Maryanne akasema, akimwita Mungu kwa lugha yetu, na kijiko chake kikabaki juu ya mafuta. "Ziwa limefunikwa kama sufuria."

Griffins alikuwa kwenye mtumbwi wake, hatua kama sitini kutoka ufuoni, pale ukingo wa magugu ulipofika. Nilimwona amesimama. Halafu akapiga kelele ya furaha, sijawahi kusikia mtu mzima akipiga kelele vile.

"Dani!" Hivyo ndivyo tunavyoitwa sisi mabibi hapa. "Dani, ni wangu! Patipati zetu! Ile ya kijani, naiona!"

Na kweli, hata mimi niliona kitu cha pinki kinang'aa katikati ya majani.

"Uache!" nikamwita. "Ngoja Opiyo aje na boti kubwa!" Opiyo ni mvuvi jirani yetu.

Mtu wa Nairobi angeona takataka zinaelea, akapita. Mvuvi wa hapa anaona wavu wake umerudi nyumbani wenyewe, kama ng'ombe aliyepotea. Hawezi kungoja. Griffins alivuta, ukakataa, umeshikana na mizizi. Akaweka kasia chini. Akaingia majini, miguu kwanza, aende akaufungue kutoka chini.

Mtumbwi ukapinduka nusu, ukajiweka sawa, ukaondoka na upepo bila mtu. Kichwa chake kikabaki kati ya majani. Alicheka kidogo. Kisha kicheko kikaisha.

"Dani! Umenishika!"

Hapo nilielewa yote, kwa sababu nimetoa samaki kwenye nyavu tangu nikiwa msichana. Samaki anayetulia unaweza kumtoa mzima. Anayepiga mkia anajifunga. Na Griffins alikuwa anapiga miguu. Juu ya hayo, kisiwa kile cha magugu hakikuwa kimesimama. Kilikuwa kinasogea, pole pole, kinaenda na wavu, na wavu unaenda na yeye. Kila kilipovuta, yeye alishuka kidogo.

Opiyo alikuja mbio na Walubengo, kijana wake wa kazi kutoka Busia. Mitumbwi mingine yote ilikuwa imefungiwa upande wa pili wa magugu. Iliyobaki mchangani ilikuwa moja tu, boti mpya ya Opiyo, rangi yake bado inanuka. Ilikuwa na siku mbili tangu iguse maji. Sasa, kwetu boti mpya ni bibi harusi. Mpaka ilete samaki wa kwanza na wapikwe nyumbani kwa mwenye boti, mwanamke hakanyagi ndani. Inasemekana itaona wivu, itakataa samaki maisha yake yote. Na Opiyo ni mzee wa kanisa, lakini hilo la boti hataki mchezo.

Akarusha panga ndani ya boti.

"Panga majini halikati," nikamwambia. "Ni kama kumpiga mtu ndotoni. Na likikata, litakata mguu."

"Basi nipe kisu chako, Mama."

"Hakikujui."

"Mama, leo si siku ya mafumbo!"

"Si fumbo. Muulize Maryanne."

Maryanne akanyoosha kile kidole chake chenye kovu. Mimi nilikuwa nimeshafunga leso kiunoni, maji yako magotini. Opiyo akashika pua ya boti kwa mikono miwili. Akaniangalia mimi, akaiangalia boti, akaangalia kule kwa Griffins.

"Mama, unajua hii bado."

"Najua. Na yule kule unamjua?"

 Kisha akavua shati. Shati zuri, la mikono mirefu. Akalitandika juu ya ubao wa mbele kama mtu anayetandikia mgeni.

"Kanyaga shati," akasema. "Usikanyage boti."

Nikakanyaga shati. Walubengo akaingia nyuma na upondo wake mrefu wa kusukumia, Opiyo na wa kwake, tukaenda.

Sijui niwaambie vipi jinsi ilivyo kuingia mle ndani. Kutoka ufuoni unaona majani tu. Ukiingia, boti inapanda juu yake, inayalaza, na chini yake maji ni meusi kama chai ya rangi iliyolala. Yananuka udongo wa zamani. Kando yangu, kiasi kwamba ningemgusa, alipita ndege mmoja mwekundu mwenye vidole virefu kama nyuzi, anatembea juu ya majani na watoto wake watatu, hana haraka. Alitutazama kwa jicho moja akaendelea. Wale watoto hawakuwa na uzito wa kuinamisha jani. Na hatua chache kutoka pale, mtoto wangu mimi alikuwa anazama. Nikaona dunia hii ni ya ajabu, inaweza kubeba yote mawili kwenye jani moja.

Tulimfikia maji yako kidevuni. Uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu.

"Dani," akasema, na meno yakigongana, "usikate. Fungua tu. Wavu bado mzima, nimeushika, mzima kabisa."

"Nyamaza, ushikilie mkono wa Opiyo."

"Usikate, Dani. Nakuomba."

Nililala kifudifudi juu ya lile shati. Walubengo akanishika vifundo vya miguu. Nikafungua kisu, kikasema tak, kidole gumba nikakiweka mahali pake, na mkono wangu nikauingiza majini mpaka begani, shavu langu likalala juu ya majani.

Kwanza nilikuta mizizi, laini, mingi, kama ndevu za beberu. Kisha uzi. Uzi ulikuwa umekaza hivi kwamba ulilia kidogo ukucha wangu ulipougusa. Kisha mguu. Nikaujua ni mguu kwa joto lake, kwa sababu kila kitu kingine kule chini kilikuwa baridi.

Hivi ndivyo nilivyofanya, na yeyote anayefanya kazi na kisu aweke akilini. Unatelezesha bapa chini ya uzi, mgongo wa kisu uguse ngozi, makali yatazame nje. Usikandamize. Unavuta kuja kwako, na uzi unajikata wenyewe kwa ile nguvu yake ya kukaza. Wa kwanza ukakatika, nikausikia mpaka kwenye bega. Wa pili. Wa tatu.

Kila nilipokata yeye alisikia pia. Alikuwa anatikisa kichwa. Na kila alipotikisa miguu ilicheza, na nyuzi nilizoacha zikakaza.

"Kitendawili!" nikamwambia.

Akanitazama kama nimerukwa na akili. Hata Opiyo.

"Sema tega!"

"Dani, sasa hivi?"

"Sema!"

"Tega."

"Nyumba yangu ina madirisha elfu na haina mlango."

"Wavu," akasema. Maji yakamwingia mdomoni, akayatema. "Hiyo ni ya watoto."

"Basi tulia nikupe ya wakubwa. Kitendawili."

"Tega."

"Namfukuza hakimbii, nikikimbia ananifuata."

"Kivuli." Miguu ilikuwa imetulia. Nilikuwa nimefika kwenye goti. "Zote za darasa la pili hizo, Dani."

"Nitegee wewe, basi, msomi."

"Haya," akasema, na nilisikia sauti yake imerudi kidogo kuwa ya kwake. "Kitendawili..."

"Tega."

Kisiwa kikavuta.

Hakikuvuta kama mtu anavyovuta. Hakikuwa na hasira wala haraka. Kilisogea tu, kitu kikubwa kuliko mji, kikiendelea na safari yake, na mkono wa Griffins ukatoka mikononi mwa Opiyo kama samaki mwenye utelezi. Kichwa kikaenda chini. Yale majani yakarudi pale alipokuwa, jani juu ya jani, vizuri, kama mlango unaofungwa na mtu mwenye adabu.

Opiyo alipiga kelele. Mimi sikuwa na sauti. Nilichokuwa nacho ni mkono mmoja chini ya maji, na mkono ule wa kisu ulikuwa bado unaugusa mguu. Sikuwa nimeuachilia. Nikajivuta mbele mpaka kifua kikatoka nje ya boti, nikasikia Walubengo akigumia nyuma yangu, na uso wangu wote ukaingia majini. Macho hayakuona kitu. Nikaacha kuyatumia.

Mkono ukapanda, goti, paja. Pale ndipo nilipoikuta kamba yenyewe, ile nene ya juu, imezunguka paja mara mbili. Nyuzi zote nilizokata zilikuwa watoto. Huyu alikuwa mama yao. Nikatelezesha bapa chini yake, mgongo kwenye ngozi. Kamba haikatiki kama uzi. Kamba inataka msumeno. Nikaanza kupeleka na kurudisha, kupeleka na kurudisha, na kidole gumba kikaanza kufa ganzi. Nikasikia springi ikilegea. Nikasikia bapa likitaka kulala juu ya vidole vyangu. Nikalifahamu lile kama unavyofahamu mtoto anayetaka kulia, nikabana zaidi. Pumzi ilikuwa imeniishia kifuani. Nilikuwa natumbua gizani, jamani, na aliyekuwa mkononi mwangu alikuwa hai.

Kamba ikaachia.

Kitu kikanipiga bega kikipita. Walubengo akanivuta, uso ukatoka nje, nikapumua hewa na majani pamoja. Na niliona. Kando ya boti, wavu ulikuwa unaondoka. Maboya yetu yalipita mbele yangu moja moja, yakivutwa na kisiwa: bluu, pinki, bluu, ile ya kijani yenye kisigino. Yalipita kwa mstari kama watoto wa shule, yakaingia chini ya magugu, yakaisha.

Kisha maji yakafunguka pale yalipokuwa yamepita, na Griffins akatoka hadi kifuani, mdomo wazi, hakuna sauti. Opiyo alimshika kwa nywele, kwa sikio, kwa chochote. Wakamvuta ndani, akaanguka sakafuni mwa boti kama samaki mkubwa wa mbuta, na akabaki hivyo.

Hakupumua.

Opiyo akamgeuza ubavu, akampiga kiganja kati ya mabega. Mara moja. Mara ya pili. Maji yakatoka, meusi, mengi, na nyuma ya maji ikaja ile sauti, pumzi ya kwanza, mbaya, ya kukwaruza, kama msumeno kwenye mti mbichi. Nimesikia watoto wangu saba wakizaliwa. Hiyo ilikuwa ya nane.

 Kisiwa kilikuwa kinatupita, kile kichaka cha mafunjo kilipita karibu kabisa na kivuli chake kikatufunika sote wanne, baridi, kisha kikaondoka na jua likarudi.

"Mama," Walubengo akasema mwishowe, "naweza kuachilia miguu yako sasa?"

Nilianza kucheka, na kicheko kikawa kingine. Kisu kilikuwa bado mkononi, kimefunguka. Vidole vilikataa kukiacha. Opiyo ndiye aliyenikunjua kimoja kimoja, polepole, yeye mzee wa kanisa bila shati, akakikunja kisu kwa kiganja kama alivyokuwa ameniona nikifanya, akakiweka kwenye fundo la leso yangu.

Nilikuwa nimekaa kwenye ubao wa boti yake. Shati lilikuwa limekwenda na maji. Niliona ameona, na niliona hakusema.

Griffins alifungua macho.

"Umeukata wote?" akauliza.

"Niliukata uliokushika."

Akageuza kichwa kutazama kule kisiwa kilikokuwa kinaelekea, upande wa Rusinga, kijani kitupu, na maua yake yamesimama. Alitazama muda mrefu. Nilidhani atalia kwa ajili ya wavu. Labda alilia, uso wake wote ulikuwa maji.

"Dani," akasema, "angalia mguu wangu."

Nikaangalia. Uzi ulikuwa umeingia kwenye ngozi na kuacha alama yake kila mahali, kutoka kwenye vidole mpaka juu ya paja, jicho kwa jicho la wavu, safu juu ya safu, mekundu, yamepangika vizuri hivi kwamba mwanadamu hawezi kuyachora. Yalikuwa magamba. Mguu wa mjukuu wangu ulikuwa na magamba kama ngege.

Nimekwangua magamba maisha yangu yote bila kuyatazama. Pale nikayatazama. Niliweka kiganja changu juu yake, pale gotini, bila kubonyeza, na chini ya kiganja, chini ya yale magamba, damu ilikuwa inakwenda. Nilikaa hivyo hivyo, mkono palepale, mpaka boti iliposugua mchanga na Maryanne akaingia majini na nguo zake zote kutupokea.